Sindano Inapozimwa na Mwili: Wagonjwa wa MS Wanaotumia Interferoni Wajue Nini Kuhusu Kingamwili

  

Somo letu la leo ni gumu kidogo, lakini nitajitahidi kulieleza kwa Kiswahili cha kawaida. Linamhusu mgonjwa ambaye anachoma sindano zake kwa uaminifu, hakosi hata moja, kumbe mwili wake mwenyewe umeshaizima dawa na yeye hana habari. Dawa yenyewe ni interferoni beta, na ugonjwa ni ule unaoitwa MS, yaani maltipo sklerosisi.

Huenda utasema, "Hilo halinihusu, ugonjwa huo ni wa Wazungu." Tafadhali soma kwanza mpaka mwisho.

TUANZE NA MFANO

Tuchukue mfano wa dada mmoja wa miaka 34 anayefanya kazi ya kutunza wazee. Huyu si mtu fulani ninayemjua, ni mfano tu, lakini wengi mtaiona hali yake kuwa ya kawaida. Aliambiwa ana MS baada ya jicho moja kuingia ukungu na mguu wa kushoto kufa ganzi. Akaanzishiwa interferoni beta, sindano tatu kwa wiki chini ya ngozi. Miezi ya kwanza kila akichoma alipata homa, baridi na maumivu ya mwili kama mtu mwenye mafua makali. Baadaye homa ikapungua, akafurahi, akasema, "Alhamdulillahi, mwili umeizoea dawa."

Mwezi wa 18 mguu ukaanza kufa ganzi tena. Hakumwambia mtu. Aliogopa kazini watamwona mzembe. Mama yake kwenye simu kutoka Mombasa akamwambia hayo ni mambo ya watu, atafute dua. Rafiki yake akamshauri aache sindano kabisa kwa kuwa "zinakuharibu tu".

Je, dada huyu afanye nini? Tutamrudia mwishoni, tukishaelewa somo.

MS NI NINI, NA INATUHUSU VIPI SISI?

Ndani ya ubongo na uti wa mgongo kuna nyuzi za neva zinazopeleka habari kama nyaya za umeme. Nyuzi hizi zimefunikwa na utando wa mafuta uitwao mayelini, kama vile waya wa umeme unavyofunikwa na plastiki. Kwa mgonjwa wa MS, askari wa kinga ya mwili hukosea wakaushambulia utando huo. Pale ulipochubuka, habari huenda polepole au hazifiki kabisa. Ndiyo maana mtu huona ukungu, hufa ganzi, hupepesuka, huchoka kupita kiasi au hushindwa kuzuia mkojo.

Kwa wagonjwa wengi ugonjwa huanza kwa mashambulizi yanayokuja na kuondoka. Dawa kama interferoni hutolewa ili kupunguza mashambulizi hayo.

Dunia nzima kuna watu wanaokaribia milioni 2.9 wenye MS, na hapa Uingereza ni zaidi ya 130,000. Ni kweli kwamba kwetu Afrika Mashariki ugonjwa huu huonekana kwa nadra. Lakini mwaka 1990 ulichapishwa utafiti uliofanywa London na hapa kwetu West Midlands. Madaktari Elian, Nightingale na Dean waliwaangalia watoto waliozaliwa Uingereza na wazazi wahamiaji kutoka Bara Hindi, Afrika na visiwa vya Karibi. Wazazi walikuwa na MS kwa uchache sana, lakini kwa watoto wao waliozaliwa hapa kiwango kilipanda na kukaribia kile cha watu wengine wa nchi hii.

Kwa hiyo basi, mzazi mwenzangu, usiseme "kwetu hakuna ugonjwa huo" pale kijana wako aliyezaliwa hapa anapolalamika kuwa haoni vizuri jicho moja. Mpeleke kwa GP.

INTERFERONI NI KITU GANI?

Neno interferoni si geni sana kwa watu wa kwetu. Wasomaji wenye umri mkubwa mtakumbuka mwaka 1990, pale taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ilipotangaza dawa ya Kemron kwa ajili ya UKIMWI. Kemron ilikuwa na interferoni alfa kidogo sana, ya kutumia mdomoni. Ilileta matumaini makubwa, lakini majaribio yaliyofuata, likiwemo la Uganda, hayakuonyesha kwamba inasaidia. Tafadhali usichanganye habari ile na hii ya leo. Interferoni beta ni ndugu wa ile, lakini hutolewa kwa sindano, kwa kipimo kingine na kwa ugonjwa mwingine, na majaribio makubwa yameonyesha kuwa inapunguza mashambulizi ya MS kwa takriban theluthi moja.

Interferoni yenyewe haikubuniwa kiwandani. Mwili wako unaitengeneza kila siku. Iligunduliwa mwaka 1957 huko Mill Hill, London, na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Waliona kwamba chembe hai zikivamiwa na virusi hutoa kitu kinachozionya chembe jirani zijihami. Ni kama mtu anayepiga yowe kijijini usiku wezi wanapoingia, majirani wakafunga milango.

Baadaye ikaonekana kwamba interferoni beta pia hutuliza baadhi ya askari wa kinga wanaoleta fujo katika MS. Betaferon iliruhusiwa Marekani mwaka 1993 na Ulaya mwaka 1995. Zikafuata Avonex na Rebif, halafu Extavia, na mwaka 2014 ikaja Plegridy ambayo huchomwa mara moja kila wiki mbili. Hapa Uingereza, mwaka 2002 serikali ilianzisha mpango maalumu wa kuzitoa dawa hizi kupitia NHS huku wagonjwa wakifuatiliwa kwa miaka. Siku hizi dawa za MS ni nyingi na interferoni haitumiki sana kama zamani, lakini bado wapo wanaoitumia. Baadhi ni watu waliokaa nayo salama kwa miaka mingi. Wengine ni akina mama wanaopanga kuzaa, kwa sababu mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikubali kwamba inaweza kutumika wakati wa ujauzito ikiwa kuna haja, na pia wakati wa kunyonyesha.

KINGAMWILI ZINAZOZIMA DAWA

Sasa tuingie kwenye kiini cha somo.

Kingamwili ni silaha ndogo ndogo ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kitu ambacho unakiona ni kigeni. Ukichanjwa surua, mwili hutengeneza kingamwili za surua. Hilo ni jambo jema. Lakini ukichoma dawa iliyotengenezwa kwa protini mara kwa mara, mwili unaweza kuiona nayo kuwa ni mgeni asiyetakiwa, ukatengeneza kingamwili dhidi yake.

Ili uelewe, ifikirie interferoni kama ufunguo, na juu ya kila chembe hai kuna kitasa chake. Ufunguo ukiingia na kuzunguka, chembe inapata amri na kuanza kazi. Sasa kuna aina mbili za kingamwili:

1. Zinazoshika tu. Hizi ni kama kamba uliyofunga kwenye kichwa cha ufunguo. Kamba ipo, lakini ufunguo bado unaingia na mlango unafunguka. Dawa inaendelea kufanya kazi.

2. Zinazozima. Hizi ni kama ulimbo uliopakwa kwenye meno ya ufunguo. Ufunguo upo, unauona, unaushika, lakini hauingii kwenye kitasa. Sindano imechomwa, lakini amri haifiki.

Watu wengi wanaochoma interferoni hupata zile za aina ya kwanza, na hizo peke yake hazina shida kubwa. Zinazotusumbua ni zile za aina ya pili, zikiwa nyingi na zikidumu kwenye damu.

Jambo hili si jipya. Tangu mwaka 1981 madaktari wa Ujerumani walieleza habari za mgonjwa aliyetibiwa kwa interferoni kisha akatengeneza kingamwili za kuizima. Na interferoni siyo dawa pekee yenye tatizo hili. Wagonjwa wa hemofilia, wale ambao damu yao haigandi, wengine hutengeneza kingamwili dhidi ya dawa yao ya kugandisha damu. Hata natalizumab, dawa nyingine ya MS, hupata kingamwili kwa baadhi ya watu.

KWA NINI MWILI UIKATAE DAWA INAYOFANANA NA YAKE?

Ni swali zuri. Sababu zipo kadhaa:

a) Jinsi ilivyotengenezwa. Betaferon na Extavia ni dawa moja yenye majina mawili, nayo hutengenezwa ndani ya bakteria aina ya E. coli. Haina sukari iliyoshikamana na interferoni ya binadamu, na imebadilishwa sehemu ndogo. Avonex, Rebif na Plegridy hutengenezwa ndani ya chembe hai za hamsta, mnyama mdogo jamii ya panya, na hufanana zaidi na ile ya mwilini.

b) Kugandamana. Protini zikishikana na kuwa mabonge madogo yasiyoonekana kwa macho, askari wa kinga huzishtukia haraka. Nitarudi kwenye jambo hili tukizungumzia friji.

c) Njia na idadi ya sindano. Chini ya ngozi kuna walinzi wengi wa kinga. Avonex inayochomwa kwenye msuli mara moja kwa wiki huleta kingamwili chache kuliko zile zinazochomwa chini ya ngozi mara kadhaa kwa wiki.

d) Maumbile ya mtu. Watafiti wameona kwamba baadhi ya vinasaba vya kinga tulivyorithi kwa wazazi humfanya mtu awe mwepesi zaidi wa kutengeneza kingamwili hizi.

Angalia kwamba katika orodha hiyo hakuna panapohusika dhambi, laana, kijicho cha jirani wala uzembe wa mgonjwa. Mtu aliyepata kingamwili hakukosea kitu.

ZINAWAPATA WANGAPI, NA LINI?

Takwimu hutofautiana kwa sababu maabara hupima kwa njia tofauti, lakini kwa makadirio ni hivi. Kwa Betaferon na Extavia ni takriban mtu mmoja katika kila watatu, na baadhi ya tafiti zilipata zaidi ya hapo. Kwa Rebif ni kati ya watu 12 na 28 katika kila 100. Kwa Avonex ni kati ya watu 2 na 8 hivi katika kila 100. Kwa Plegridy ni wachache zaidi, chini ya mmoja katika 100.

Usisome takwimu hizi ukakimbilia kusema dawa fulani ni mbaya. Kwa baadhi ya watu, hasa wanaotumia Betaferon, kingamwili hupungua zenyewe na kupotea baada ya muda. Daktari anapochagua dawa huangalia mambo mengi, na kingamwili ni mojawapo tu.

Kuhusu wakati, mara nyingi hutokea kati ya mwezi wa 6 na wa 18 tangu kuanza dawa. Mtu aliyemaliza miaka miwili bila kuwa nazo, uwezekano wa kuzipata baadaye ni mdogo.

ZINA MADHARA GANI?

Hapa ndipo penye hatari, kwa sababu kingamwili hizi hazina dalili yake yenyewe. Hazikuwashi, hazikuumizi, hazikupi homa. Zinaizima dawa kimya kimya. Mgonjwa anabaki na usumbufu wa sindano bila faida yake, na huku ugonjwa unaendelea bila kizuizi.

Mwaka 2003 madaktari wa Denmark walichapisha utafiti wa wagonjwa 541 waliokuwa wakitumia interferoni beta. Waliona kwamba katika vipindi ambavyo mgonjwa alikuwa na kingamwili zinazozima, mashambulizi yalikuwa mengi zaidi kuliko katika vipindi ambavyo hakuwa nazo. Tafiti nyingine zilionyesha pia madoa mapya mengi zaidi kwenye picha za MRI. Katika miezi ya mwanzo tofauti haionekani, hujitokeza kadiri muda unavyokwenda. Ndiyo maana mtu anaweza kudanganyika kwa mwaka mzima.

VIPIMO VIKOJE?

Vipo vipimo vya damu vya aina mbili.

Cha kwanza hutafuta kingamwili zenyewe. Maabara huchukua maji ya damu yako, huyachanganya na interferoni, halafu huangalia kama interferoni hiyo bado inaweza kuziamsha chembe hai. Jibu huja kwa namba. Namba ndogo inaweza kupotea yenyewe, hivyo kipimo hurudiwa baada ya miezi 3 mpaka 6. Namba kubwa iliyojirudia mara mbili ndiyo yenye maana.

Cha pili huangalia kama dawa inafanya kazi mwilini. Chembe iliyopata amri ya interferoni hutengeneza protini iitwayo MxA. Unachoma sindano yako, saa kadhaa baadaye unatolewa damu. MxA ikipanda, ufunguo umefungua mlango. Isipopanda, amri haikufika.

Kwa kuwa saa ya kutoa damu ni muhimu, muulize nesi kabla ya siku ya miadi, "Nichome sindano kabla ya kuja au nisichome?" Ukikosea saa, jibu linaweza kupotosha.

Je, kila mgonjwa hupimwa? Hapana, na ni vizuri ujue ukweli huu. Mwaka 2005 wataalamu wa neva wa Ulaya walishauri wagonjwa wapimwe mwezi wa 12 na wa 24. Mwaka 2007 wenzao wa Marekani wakasema ushahidi hautoshi kumlazimu kila daktari apime. Hapa Uingereza vituo hutofautiana. Wengine hutegemea zaidi picha za MRI na hali ya mgonjwa. Daktari anayetegemea MRI hajakudharau, lakini una haki ya kuuliza.

KINGAMWILI ZIKIPATIKANA

Msomaji, hapa shika mambo mawili.

La kwanza: kuhama kutoka interferoni beta moja kwenda nyingine kwa kawaida hakusaidii. Kingamwili zilizoizima Rebif zitaizima Avonex, Betaferon na Plegridy pia, kwa sababu ufunguo ni ule ule, umebadilishwa rangi tu. Ukiambiwa una kingamwili nyingi zilizodumu kisha ukapewa interferoni beta nyingine, uliza kwa adabu ni kwa nini.

La pili: kuzimwa kwa interferoni si mwisho wa matibabu. Kingamwili hizi haziizimi glatirama, ambayo pia ni sindano, wala vidonge kama dimethili fumareti, wala dawa zenye nguvu zaidi kama natalizumab, okrelizumab, ofatumumab na kladribini. Kila moja ina faida na hatari zake, na masharti yake katika NHS. Daktari bingwa wa neva ataangalia hali yako, umri, kama unapanga kupata mtoto, na magonjwa mengine uliyo nayo. Mwambie mapema kama uliwahi kuugua kifua kikuu au homa ya ini aina ya B, au kama hujawahi kupimwa. Maradhi haya yapo sana kwetu, na baadhi ya dawa hizo zinaweza kuyaamsha.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Tunza dawa ipasavyo. Nyingi ya dawa hizi hukaa kwenye friji kati ya nyuzi joto 2 na 8. Betaferon na Extavia zinaweza kukaa nje ya friji chini ya nyuzi 25. Usiiweke dawa karibu na sehemu ya barafu. Dawa iliyoganda barafu au iliyopata joto kali inaweza kuharibika na kufanya yale mabonge niliyoyataja. Itupe kwenye boksi lake la sindano, omba nyingine.

2. Safari ya nyumbani. Ukienda Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa au Bujumbura, soma karatasi ya dawa yako uone inaweza kukaa nje ya friji siku ngapi na kwa joto gani. Beba mfuko wa kupozea, ingia nayo ndani ya ndege badala ya kuiweka kwenye mzigo wa chini, na chukua barua ya daktari kwa ajili ya uwanja wa ndege. Fikiria pia umeme ukikatika siku tatu kule unakofikia utafanyaje.

3. Weka daftari. Andika tarehe ya kila sindano, mahali ulipochoma, na dalili yoyote mpya. Daftari hili litakusaidia kuliko kumbukumbu.

4. Ijue maana ya shambulio. Ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi. Mara nyingi maambukizi ya njia ya mkojo huamsha dalili za zamani, hivyo utapimwa mkojo kwanza. Piga simu kwa nesi wako wa MS, usisubiri miadi ya miezi 6 ijayo.

5. Usikose vipimo vya kawaida vya damu. Interferoni inaweza kugusa ini na chembe za damu, na hayo hayahusiani na kingamwili.

6. Omba mkalimani. Katika NHS mkalimani ni bure. Sema mapema unataka wa Kiswahili. Usimtumie mtoto wako wa miaka 12 kutafsiri habari za mkojo, za ndoa na za uzazi. Si haki kwake, wala wewe hutasema yote.

7. Kama unaendesha gari, sheria inakutaka uiarifu DVLA kwamba una MS. Wengi huendelea kuendesha bila tatizo. Kosa ni kuficha.

MASWALI AMBAYO WATU HUULIZA

Swali: Homa baada ya sindano imepotea. Je, nina kingamwili?
Jibu: Huwezi kujua kwa njia hiyo. Kwa watu wengi homa hupungua baada ya miezi michache na dawa inaendelea kufanya kazi vizuri. Na wapo wanaoendelea kuwa na usumbufu ilhali dawa imeshazimwa. Kinachosema ukweli ni kipimo, MRI na hali yako.

Swali: Nikiongeza dozi, si nitazishinda?
Jibu: Usijaribu. Kingamwili zikiwa nyingi, sindano ya ziada huongeza gharama na madhara tu.

Swali: Nikiacha dawa, kingamwili zitaondoka?
Jibu: Kwa wengine hupungua polepole. Zilizokuwa nyingi sana zinaweza kukaa kwa miaka. Lakini usiache dawa kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu huenda huna kingamwili kabisa na ukabaki bila kinga.

Swali: Nilisikia wakati wa korona kwamba kuna watu wana kingamwili za interferoni bila kuchomwa sindano. Ni kweli?
Jibu: Ni kweli. Mwaka 2020 watafiti walipima wagonjwa 987 waliozidiwa na korona, wakakuta 101 wana kingamwili zinazozima interferoni za miili yao wenyewe, wengi wakiwa wanaume na watu wa umri mkubwa. Lakini hizo kwa sehemu kubwa zilizima interferoni za aina nyingine, alfa na omega. Ni jambo jingine, usilichanganye na la sindano za beta.

Swali: Mfungo wa Ramadhani unaharibu ratiba ya sindano?
Jibu: Wengi huchoma usiku kabla ya kulala, ili homa iwapitie usingizini, kwa hiyo ratiba inaweza kubaki kama ilivyo. Kama unatumia dawa ya homa au una udhaifu mkubwa, zungumza na nesi wako kabla mwezi haujaingia. Suala la hukumu ya dini muulize shehe unayemwamini.

TUMRUDIE DADA YETU

Sasa unaweza kumshauri dada wa mfano wetu. Asiache sindano kwa neno la rafiki. Asikae kimya kwa hofu ya kazini, kwani sheria ya nchi hii inamhesabu mtu mwenye MS kuwa na ulemavu tangu siku anapothibitishwa na inamlinda dhidi ya ubaguzi. Ampigie nesi wa MS leo hii, aseme, "Mguu wangu umekufa ganzi tangu tarehe fulani, sina homa, niko mwezi wa 18 wa interferoni. Naomba niangaliwe kama hili ni shambulio, na kama dawa bado inafanya kazi mwilini mwangu." Sentensi hizo mbili zinatosha kufungua mlango wa vipimo.

Na mama wa Mombasa tusimkemee. Dua ya mama ni nzuri. Aendelee kumwombea mwanawe, na mwanawe aende hospitali.

Akipimwa ikaonekana hana kingamwili, daktari atatafuta sababu nyingine. Akionekana anazo, atabadilishiwa dawa. Kwa njia zote mbili atakuwa amepata kitu ambacho asingekipata kwa kukaa kimya. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua.

KWA UFUPI

- Interferoni beta huwasaidia wengi, lakini kwa baadhi mwili huizima kwa kingamwili.
- Mara nyingi hutokea kati ya mwezi wa 6 na wa 18, bila dalili yoyote.
- Vipo vipimo viwili vya damu, uliza kama kituo chako hutumia kimojawapo.
- Kubadilisha interferoni beta moja kwa nyingine kwa kawaida si suluhisho. Zipo dawa za aina nyingine.
- Usiache wala kuongeza dawa mwenyewe.

Kama una swali kuhusu hali yako, mwulize nesi wako wa MS au daktari wako, maana makala hii ni ya kuelimishana na haichukui nafasi yao. Ukizidiwa usiku na hujui pa kuanzia, piga 111. Ikiwa ni dharura, piga 999. Mashirika ya MS Society na MS Trust nayo hutoa ushauri kwa wagonjwa na familia zao bila malipo.

Ukimjua mtu mwenye MS katika jamaa zetu hapa mjini, mpe makala hii aisome, au msomee kama macho yake yanamsumbua. Kuuliza si ujinga. Tukijaliwa, tukutane tena katika somo lijalo. Nakutakia afya njema wewe na wote wa nyumbani.